Mizinga ya Hasifa na Matanga Yasiyo na Maiti

Katika mtaa wetu wa nyuma ya kiwanja cha ndege, hapa Arua, mwanamke wa Kinubi husamehewa mambo mengi. Akisengenya anasamehewa, maana sote tunahitaji habari. Akichelewesha futari anasamehewa kabla ya tarawehe. Lakini kutembea bila kunukia, hilo halina msamaha. Mwanamke asiyenukia ama ni mgonjwa, ama yuko kwenye eda ya mumewe, ama akili zimehama. Sababu ya nne hatukuwa nayo.

Hasifa ndiye aliyeileta mtaani, nayo ilikuwa na mabawa.

Huyu Hasifa alizaliwa Koboko, akaolewa Arua na dereva aitwaye Siraji, ambaye alifariki mapema kiasi kwamba wengi wetu tunaikumbuka pikipiki yake kuliko sura yake. Alimwachia mjane nyumba ya vyumba viwili, uwanja wa nyuma wenye mpapai mmoja, na mashemeji wanaofika kila Idi kula pilau na kuupima ule uwanja kwa macho. Hasifa hakurudi kwao. Alishika kazi ya kuandaa maharusi, akawaandaa Arua, akawaandaa Koboko, mpaka ikawa msichana akiolewa bila mikono ya Hasifa kupita mgongoni mwake, watu wanauliza kama ameolewa au ametoroshwa.

Kazi yenyewe si mchezo. Bi harusi anakalishwa juu ya kishimo chenye makaa ya mti wa talhi, anafunikwa blanketi zito, moshi unampanda hadi ngozi inapata rangi ya chai ya maziwa. Huo ndio dukhani. Halafu anasuguliwa dilka, kinyunya kilichofukizwa mpaka kimekuwa cheusi, na mwisho anapakwa karkari, mafuta yenye karafuu na sandali ambayo hata ukimwosha mtu kwa sabuni ya gari hayatoki. Anayeandaa naye hunukia kama anayeandaliwa. Hasifa alipokuwa akienda sokoni, harufu yake ilifika kwanza, ikaanza kupatana bei, yeye akaikuta.

Ila kazi hiyo hufanywa kwa kupiga magoti, na magoti ya Hasifa yalikuwa yameanza kujibizana naye kila alipoinuka. Kwa hiyo mzee mmoja wa Koboko, mfugaji nyuki, alipofurahi kupita kiasi kwa kumwoza binti yake wa mwisho na kumpa Hasifa zawadi ya mizinga miwili na nyuki wake ndani, Hasifa hakusema, “Nitawapeleka wapi?” Aliizungushia mizinga chandarua, juu akaitandika kanga za harusi, akaipakia alfajiri kwenye buti ya gari la abiria.

Walipofika njiani, dereva alizima redio akasikiliza.

“Mama, huu mzigo yako iko naimba.”

“Ni cherehani.”

“Cherehani nani naendesha humo ndani?”

“Ya kisasa hiyo. Haitaki mutu. Wewe angalia barabara.”

Ndivyo nyuki walivyohamia mjini. Hasifa akaiweka mizinga chini ya mpapai, akakaa kwenye kigoda akaitazama jinsi watu wanavyotazama runinga. Nyumba ile Siraji alikuwa ameijenga. Mpapai ulipandwa na mkwe. Kiwanja kilikuwa cha mashemeji kila Idi inapofika. Mizinga ilikuwa kitu cha kwanza nyumbani mle ambacho hakuna mtu angeweza kunyoosha kidole na kusema kimetoka kwake.

Sasa, upande wa pili wa ua wa michongoma aliishi Mwalimu Candia, mstaafu, kiongozi wa kwaya, mwenye sauti ya besi na mbwa aitwaye Waziri. Mbwa huyo aliitwa Waziri kwa sababu alikula vizuri, alilala mchana, na wezi walipokuja alikuwa safarini. Candia aliiona mizinga siku ile ile, akakohoa tu, kama Mkristo. Majirani walisalimiana vizuri wiki kadhaa. Kisha Hasifa akafanya kosa.

Kosa lenyewe ni hili. Alikuwa ametoka kumwandaa bi harusi, mikono imejaa karkari hadi kwenye viwiko, nguo imeloa sandali, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Kabla ya kuoga akaona ngoja awachungulie nyuki wake kidogo. Akainua kifuniko.

Nyuki walinusa, wakashauriana, wakatoka wote.

Hasifa ana magoti mabovu lakini mlango ulikuwa karibu. Akaingia, akafunga. Nyuki walipomkosa wakaruka ua kumtafuta kwa jirani. Upande ule, nyuma ya kibanda cha mabati, Mwalimu Candia alikuwa anaoga. Alikuwa amefika kichwani, macho amefumba, povu limejaa, anafanya mazoezi ya wimbo wa Jumapili. Tulisikia besi ikapanda ghafla ikawa sauti ya kwanza ya kina mama. Halafu tukamwona mwenyewe akipita barabarani na povu lake, Waziri mbele, mwalimu nyuma, wote wawili wakielekea kwenye mtaro wa maji, na kati yao mbwa ndiye aliyekuwa amevaa zaidi, maana alikuwa na mkanda shingoni.

Hawakuumwa vibaya sana. Mwalimu alivimba mdomo na jicho moja, Waziri akavimba pua. Lakini uvimbe hupona. Kilichokataa kupona ni kwamba watoto wa shule walikuwa wanapita.

Mkutano uliitwa kesho yake barazani kwa mwenyekiti wa mtaa, Jimmy, muuza vipuri vya pikipiki, mtu anayependa amani kwa sababu ugomvi unamfungia duka. Sisi sote tulihudhuria. Mikutano ya choo cha sokoni huwa na watu sita.

“Mimi nimefundisha watoto ya hii mtaa kusoma na kuandika,” Candia alisema kupitia mdomo uliovimba. “Jana wameniona. Wote! Nimebaki na nini?”

“Tumekuona, mwalimu,” alisema Zulaika kutoka nyuma, “na hatukuona kitu mpya.” Zulaika ni muuza udi na marashi sokoni, rafiki mkubwa wa Hasifa, na mdomo wake hauna mlango.

Jimmy akagonga meza. “Tulia! Hasifa, mama yangu, sikia. Katika mji mutu nafuga kuku, sawa. Mbuzi, sawa. Hata hii mwalimu iko nafuga ile mbwa yake. Lakini nyuki ni kitu ya pori.”

“Cheyamani, kuku yako kila asubuhi iko nakunya mlangoni kwangu,” Hasifa alijibu. “Nyuki yangu imekunya kwa nani?”

“Usilete hiyo. Mutu ameumwa.”

“Ameumwa, na nimemwomba msamaha, na nitamwomba tena hapa mbele ya watu. Mwalimu, unisamehe. Kosa ni yangu, si ya nyuki. Niambieni nitengeneze nini, nitatengeneza. Lakini kutoa, sitoi.”

Candia akatazama dari. Walikwenda mbele, wakarudi nyuma, mpaka Jimmy, aliyekuwa ameacha duka wazi, akatoa hukumu. “Jumamosi kamati itakuja kwako. Tunakaa kule nyuma, karibu na mizinga. Unatupa chai, tunakunywa mpaka chai naisha. Kama hakuna mutu ameumwa, mizinga inakaa. Kama mutu mmoja tu ameumwa, vijana iko na petroli, tunachoma siku hiyo hiyo. Mwalimu, sawa?”

“Sawa,” alisema Candia, akiwa na hakika kwamba hakuna kamati duniani itakayothubutu kukaa pale. Na kweli, kabla ya kuvuka kizingiti cha baraza, mjumbe mmoja alikumbuka ana mgonjwa hospitali ya Kuluva, na mwingine akaanza kuchechemea.

Hasifa akapanda boda kwenda Ayivu kumtafuta Elena, mwanamke anayefuga nyuki katikati ya mihogo yake na kuuza asali mjini. Alipofika na kushuka, Elena alikuwa mbali bado, akanyanyua mkono.

“Mama, simama hapo! Usisogee kwa mizinga yangu. Wewe umepaka nini?”

“Nimepaka kidogo tu. Leo sikupaka.”

“Kama hii ni kutopaka, siku ya kupaka ndege nashuka namna gani? Hiyo ndiyo imekuharibia. Marashi yako iko naambia nyuki kwamba adui imefika, na imevaa vizuri.”

Wakakaa chini ya paa la jiko, mbali, Elena akamweleza. Nguo nyeusi nyuki huidhania nyegere, yule mnyama mwizi wa asali, kwa hiyo avae nyeupe, bila maua, bila nakshi. Mafuta, udi, sabuni ya manukato, vyote aviache. Milango ya mizinga aielekeze upande wa kiwanja cha ndege ambako hakuna mtu. Azungushe kiambaza kirefu kupita kichwa cha mtu, ili nyuki wakitoka walazimike kupanda juu na kuruka juu, wasikate njia ya watu. Awawekee maji yao wenyewe, wasiende kwenye bakuli la mbwa. Na asitoke sana nyumbani wiki hiyo, awazoee na wao wamzoee.

Hasifa akafanya yote. Aliigeuza mizinga kidogo kidogo, kila asubuhi kidogo, nyuki wasipotee. Akanunua birishi, ile mikeka yetu migumu ya ukindu, akanunua nyingi, akazisimamisha kwenye nguzo za mianzi kuizunguka mizinga kama chumba kisicho na paa. Akaweka beseni la maji lenye kokoto ndani ili nyuki wapate pa kutua. Akajisugua kwa sabuni ya mche na mchanga mpaka karkari ya miaka yote ikasalimu amri. Akavaa nguo nyeupe tupu. Maharusi wawili akawaambia wasubiri. Halafu, kwa ajili ya kamati, akanunua sukari, tangawizi, majani ya chai, na unga wa kukaangia gurusa, chapati zetu za Kinubi.

Sasa mtazame kwa macho ya Zulaika.

Rafiki yako hajanunua marashi wiki nzima. Unapita kwake, ananuka sabuni ya mche. Amevaa nyeupe. Hatoki nje. Amenunua birishi nyingi kuliko familia yake, na sukari ya kutosha msiba. Macho yamemvimba kidogo (nyuki mmoja, siku ya kugeuza mizinga). Kwetu hayo yote yana maana moja, na hata mtoto anayejifunza alifu anaijua. Hasifa alikuwa kwenye eda.

“Lakini eda ya nani?” Zulaika alijiuliza, akiwa amekaa kati ya chupa zake sokoni. Siraji alikwisha liliwa zamani. Basi kulikuwa na mume wa pili, wa siri. Na ndoa za siri katika mji huu zimezidi zile zenye ngoma. Zulaika akapiga hesabu ya wanaume wote wanaogonga mlango wa Hasifa, akabaki na mmoja: Tongun, dereva wa lori wa Koboko, anayepakia mizigo mpakani Oraba na kumletea Hasifa magogo ya talhi, na ambaye akileta magogo hukaa kunywa chai ndefu kuliko magogo yenyewe. Tongun hakuwa ameonekana tangu mwezi uliopita. Simu yake imezimwa. Katika muda wa kumpimia mteja mmoja udi, Zulaika alimwoza Tongun, akamuua kwa ajali upande wa pili wa mpaka, akamzika huko huko Kaya, na akaanza kulia.

Hakumuuliza Hasifa. Mfiwa haulizwi. Unamwendea.

Jumamosi asubuhi Hasifa alikuwa amebandika sufuria kubwa na kutandika birishi mbili zilizobaki chini ya mpapai kwa ajili ya kamati. Akasikia hodi. Akaingia mama wa nyumba ya tatu, kichwa kimeinama, na kilo ya sukari. Nyuma yake wanawake kumi hivi. Nyuma yao wengine. Wamevaa kanga zilizochuja, hawana hina mpya, hawana udi, hawanukii kitu chochote, kama desturi inavyotaka mtu anapokwenda matangani. Wakamkumbatia mmoja mmoja, wakakaa kwenye birishi, wakalia kwa heshima.

Hasifa alifikiri kamati imeongezwa. Alipomwona hata mama mtu mzima asiyetoka kitandani ameletwa kwa toroli, akamvuta Zulaika jikoni.

“Zulaika, hawa wote ni nani amewaita?”

“Mimi. Ulitaka ukae peke yako na hii mzigo? Hata mimi umenificha! Mimi, Hasifa! Tongun alikuwa mutu mzuri.”

“Alikuwa?”

Zulaika akaeleza. Hasifa akashika ukingo wa meza, akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Waliokuwa karibu na mlango wa jiko wakaona mabega hayo wakaongeza kilio. Alikuwa anacheka.

“Wallahi, hakuna mume,” alimnong'oneza Zulaika alipopata pumzi. “Hii nyeupe ni ya nyuki. Kutonukia ni kwa nyuki. Birishi ni za nyuki. Tongun sijui iko wapi, labda lori imeharibika.”

Zulaika akajishika kichwa. “Ya Rabi! Nimeita mtaa mzima! Ngoja nitoke niwaambie.”

Hasifa akamshika mkono. Alikuwa amechungulia dirishani na kuona kitu. Chini ya mpapai, hatua chache tu kutoka mizinga, watu wamejaa mpaka ukutani. Juu ya vichwa vyao, nyuki walikuwa wanapanda kutoka nyuma ya mikeka, wanapita juu, wanakwenda zao kwenye maua ya upande wa kiwanja cha ndege. Hakuna aliyetazama juu. Msibani watu hutazama chini.

“Usiseme kitu,” alisema Hasifa. “Cheyamani alisema tukae mpaka chai inaisha. Mimina chai.”

“Wewe iko shetani.”

“Shetani na gurusa. Beba hiyo sinia.”

Mwenyekiti Jimmy alifika na wajumbe waliopatikana pamoja na vijana wenye galoni ya petroli. Alipoona umati na kusikia kilio, akarudisha mkono nyuma akaashiria galoni ifichwe nje ya geti. Akavua kofia. Akakaa. Huwezi kuchoma kitu cha mtu aliyefiwa kabla hujanywa chai yake.

Na Candia naye akaja. Kwa Walugbara, kabila lake, unaweza kumnyima jirani yako salamu mwaka mzima, lakini msiba wake ukiukosa, hata wako utakosewa. Alikuja amevaa koti la kwaya, na kapu la unga wa muhogo begani kwa mkewe Santa, na Waziri akiwafuata. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, mgongo kwenye kiambaza cha birishi. Akaketi hapo. Waziri alizunguka, akanusa, akafika kwenye beseni lenye kokoto, akanywa upande mmoja huku nyuki wakinywa upande mwingine, akarudi akalala kama kawaida ya cheo chake.

Candia alikunywa kikombe cha kwanza, cha pili, akala gurusa nne. Akaanzisha hata wimbo wa kufariji, kwa besi ya chini sana, na kina mama wa Kinubi wakamwacha, maana sauti ilikuwa nzuri na sufuria bado ina chai.

Ndipo lori lilipopiga breki barabarani.

Tongun alishuka akiwa hai kupita kiasi. Lori lake lilikuwa limekufa injini upande wa Kaya, simu haikuwa na pa kuchajiwa, na mwezi mzima wa kulala chini ya gari ulimpa nafasi ya kuwaza. Aliyoyawaza yalikuwa yanamhusu Hasifa. Kwa hiyo kabla ya kufika alisimama mahali, akaoga, akavaa kanzu, na akajimwagia chupa nzima ya marashi. Akafika getini na gogo la talhi begani, akaona umati, akaona watu wanalia. Akaweka gogo chini, akainua mikono, akaanza kumwombea marehemu.

“Amina,” walijibu waliokuwa wamempa mgongo.

“Nani amekufa?” Tongun aliuliza.

Zulaika alipiga ukelele ambao hata rubani angeusikia. Wanawake wakasimama, mama wa toroli akasimama pia, na tangu siku hiyo hatujamrudisha kitandani. Tongun, akidhani msiba ni mzito kuliko alivyofikiri, akaanza kuja mbele mikono wazi ili awafariji. Na harufu yake ikaja naye.

Hasifa ndiye pekee aliyeelewa kinachokuja. Aliinusa ile harufu kutoka mlango wa jiko. Juu ya mikeka mlio ulikuwa umebadilika, umekuwa mzito, kama cherehani iliyoongezwa kasi. Nyuki wa kwanza walikuwa tayari wamegeuza njia.

“Tongun! Simama hapo hapo!”

“Hasifa, mimi nimekuja kwa...”

“Nimesema simama!”

Alichukua ndoo ya maji ya kuoshea vikombe, magoti yake yakasahau ugonjwa wao, akapita katikati ya watu akamkuta marehemu hatua tatu ndani ya geti, akammwagia yote, kuanzia kofia. Akamzungusha, akamsukuma barabarani, akamvua kanzu mbele ya kadamnasi na kuitupa ndani ya mtaro. Nyuki watatu wanne walifika getini, wakazunguka, wakakuta mwanamume aliyelowa mwenye harufu ya maji ya vyombo. Wakarudi zao juu.

Sote tukamkodolea macho Tongun.

Jimmy akasimama polepole. “Hasifa. Hii ndiyo maiti?”

“Hiyo ndiyo.”

“Sasa sisi tangu asubuhi iko tunalia nani?”

“Hilo muulizeni Zulaika. Mimi sikumwambia mutu kwamba nimefiwa. Nyinyi mmeingia, mimi nimewapa chai. Cheyamani, si wewe ulisema kamati ikae hapa mpaka chai naisha?” Akainama, akainamisha sufuria kila mtu aone. Halikudondoka hata tone. “Imeisha. Sikuwapa kamati tu, nimewapa mtaa mzima. Nani ameumwa?”

Watu wakajikagua. Mmoja alijikuna shingo, watu wakamwinamia, ikawa ni unga wa gurusa.

Mwalimu Candia alikuwa bado ameketi, kikombe mkononi. “Lakini nyuki yenyewe,” aliuliza, “umeipeleka wapi?”

“Nyuma yako, mwalimu.”

Hakugeuka mara moja. Aliteremsha kikombe chini. Alimtazama Waziri, aliyekuwa amelalia ubavu na nyuki mmoja anamtembea sikioni akitafuta njia. Ndipo akageuza shingo, taratibu, mpaka pua yake ikawa karibu kugusa birishi, akasikiliza. Mlio ulikuwa umetulia tena.

“Nimekula gurusa nne,” alisema, “nikiegemea kifo.”

“Tano, baba,” Santa akamrekebisha.

Candia akaanza kucheka. Alianza kwenye besi akaenda juu, na alipofika kule juu tulikoisikia sauti yake siku ya povu, sote tukashindwa, mwenyekiti akashindwa, vijana wa petroli kule nje wakashindwa bila hata kujua kilichotokea. Jimmy alitoa hukumu huku akifuta macho: mizinga inakaa, na yeyote anayeingia kwa Hasifa anaacha marashi yake getini. Ile petroli ilitiwa kwenye pikipiki ya kamati ikamrudisha mama wa toroli nyumbani, akiwa amekaa kisichana.

Tongun alivaa gunia, akapewa chai iliyopikwa upya. “Hasifa,” alisema, “mimi nimekwisha kufa kwa ajili yako, nimeliliwa, nimeogeshwa. Kimebaki nini? Tuoane tu.”

“Subiri,” Hasifa alimjibu. “Eda yako haijaisha.”

Asali ya kwanza ilivunwa Jumamosi nyingine, jua lilipoanza kupoa, na aliyeshika kifukizo alikuwa Mwalimu Candia mwenyewe, amevaa shuka jeupe la Santa. Elena alikuja kusimamia. Kwa moshi, Hasifa alitumia vipande vya talhi, maana ndivyo alivyokuwa navyo. Nyuki walitulia wakarudi ndani kama maharusi wenye adabu. Candia alichukua chombo chake cha asali na akaomba mzinga mmoja wa kuweka upande wake wa ua. Kesho yake aliongoza kwaya kanisani akinukia dukhani kutoka kichwa hadi miguu, na kina mama wa safu ya mbele wakamuuliza Santa ni lini aliolewa upya.

Maharusi Hasifa bado anawaandaa, ila sasa anawaandalia kwa Zulaika, na kabla ya kurudi kwake anajisugua kwa sabuni ya mche. Mtaa mzima umezoea. Akipita hanukii kitu, na hakuna anayempa pole.

Idi ilipofika, mashemeji walikuja kama kawaida, wamevaa kanzu mpya, wamejimwagia manukato ya Idi mpaka barabara ilijua. Hasifa aliwapokea getini, akawasimamisha hapo, akawaeleza sheria ya mtaa. Pilau ilipitishwa juu ya geti, sahani kwa sahani, nyama nyingi, kwa heshima zote. Walikula wamesimama barabarani. Walijaribu kuupima uwanja kwa macho kutoka pale, wakanyoosha shingo, wakapanda hata kwenye jiwe. Waliona birishi tu, na juu ya birishi nyuki wa Hasifa wakipanda.